Beseni Jekundu la Diwani

Somanda, Bariadi
12 Mei 2024

Mwanangu Minza,

Mwangaluka mayu. Hapa mhola duhu, salama tu, ila goti linanisumbua nikiinama. Huko Kongwa mnaendeleaje wewe na wanafunzi wako? Naandika barua kwa sababu kwenye simu, tukifika tu kwenye habari za paka, mmoja wetu anakata. Hii nimempa kondakta wa basi la Dodoma, na nimemwambia asiikunje.

Tangu uhamishiwe huko ukaniachia huyu Diwani wako, sina raha. Uliniambia, "Mama, paka huyu ni msafi, anajua choo chake." Choo kipi? Lile beseni jekundu la mchanga analipita kama halimhusu. Juzi amekojoa kwenye zulia. Jana amekojoa ndani ya kiatu changu cha kanisani, na mimi nikakivaa! Nimekuja kugundua nimeshakaa kwenye benchi. Mama Joyness alinusa, akaniangalia, akahama benchi.

Si kwamba sijajitahidi. Mchanga wa ujenzi ninaookota kwa jirani nimeuchanganya na majivu mengi, kama tunavyomwaga chooni kuua harufu. Beseni naliosha kwa dawa ya chooni mpaka macho yananiwasha. Nimelitoa chumbani kwako nikaliweka nyuma, karibu na jiko la mkaa. Matokeo yake anakanyaga majivu halafu anapanda kwenye vitambaa vya makochi. Nyayo nyeupe nyumba nzima! Nimelea watoto wanne, hakuna hata mmoja aliyenifanyia hivi. Niambie la kufanya, la sivyo nampeleka sokoni akakamate panya wa watu.

Mama yako

*

Kongwa
20 Mei 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole sana na goti, usiache kulikanda na maji ya moto. Mimi mzima, ni vumbi tu la huku na madaftari ya kusahihisha. Habari ya kiatu nimeisoma nikacheka peke yangu, halafu nikaona aibu. Nisamehe.

Mama, bila kujua umemfanyia yote asiyoyapenda. Majivu yanamwasha puani. Dawa ya chooni ikibaki kwenye beseni, harufu yake inamfukuza. Na karibu na jiko kuna moto na kelele, nani anajisaidia hapo? Weka mchanga mtupu, uzoe uchafu kila asubuhi, osha kwa sabuni ya kipande tu, na beseni ulirudishe chumbani kwangu chini ya dirisha alikozoea. Kwani ulilitoa kwa nini?

Tafadhali usimpeleke sokoni. Ningemchukua, lakini mwenye nyumba wangu hataki mnyama. Unakumbuka nilimwokota mtaroni siku ya arobaini ya baba. Mwaka ule wote nilikuwa silali mpaka aje alale juu ya miguu yangu. Mvumilie kwa ajili yangu.

Mwanao, Minza

*

Somanda
9 Juni 2024

Minza,

Salamu nimezipata. Goti lilelile. Mvua zimekatika, jua kali.

Majivu nimeacha. Sabuni ya kipande natumia. Nazoa kila asubuhi, nimeinama na goti langu, na yeye amekaa pembeni ananitazama kama bosi anayekagua kazi. Nikimaliza anaenda kukojoa kwenye ndoo ya nguo. Jamani! Huyu mnyama ananitafuta nini?

Beseni haliwezi kurudi chumbani kwako, hakuna nafasi, na nimekifunga kwa sababu ya vumbi. Usinihoji kama karani.

Sasa sikia la jana. Amepenya kwenye dirisha lako, lile lenye wavu uliotoboka, amepanda juu ya pamba. Pamba nyeupe, safi, imechaguliwa kwa mkono! Ameifukua vizuri, amekojoa, ameifunika. Yaani hapo ndipo usafi anaujua! Wakinusa mkojo kwenye kituo cha kununulia itaitwa pamba chafu, na mtu amevunja mgongo kuivuna. Nimeshinda nachambua iliyolowa huku nalia kwa hasira. Nimemrushia kandambili, sikumpata, nimevunja glasi. Nimechoka, Minza. Nimechoka kabisa.

Mama yako

*

Kongwa
16 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Pamba ya nani?

Shamba la Mwamapalala walilichukua baba wadogo baba alipofariki. Sisi hatuna pamba. Na kwetu sijawahi kuona mwanaume anayepeleka mavuno yake kwenye nyumba asimolala. Kama nimekosea nisahihishe.

Mwanao, Minza

*

Somanda
28 Julai 2024

Mwanangu Minza,

Mwangaluka. Ni muda sijaandika. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Hujambo lakini?

Ni ya Bujiku. Unamjua. Ndiye aliyekuwa anatuletea maziwa kwa baiskeli ulipokuwa darasa la tatu, na wewe ukimkimbilia upande kwenye kerieri. Mke wake alitangulia zamani. Alianza kupita kunijulia hali, kisha akarekebisha bati lililokuwa linavuja, kisha akawa anakula chakula cha jioni hapa. Mwezi wa tano ametoa pamba yake Mwamapalala akaileta kwenye chumba chako. Umeelewa sawasawa, sina cha kukusahihisha.

Sikukwambia kwa sababu naujua uso wako unapokasirika, unafanana na wa baba yako. Lakini na mimi nina hasira, mayu. Nyie mnanipigia Jumapili, tunaongea kidogo, mnasema salio linaisha. Unajua kusonga ugali wa mtu mmoja? Unasonga, unaangalia sufuria, hamu inaondoka. Sijaiba mume wa mtu. Sijamsahau baba yako, picha yake iko palepale ukutani na Bujiku ndiye anayeifuta vumbi.

Paka wako amekojolea koti la Bujiku mara mbili. Nadhani umemtuma.

Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Mama yako

*

Somanda
1 Septemba 2024

Minza mwanangu,

Natumaini u mzima. Mwezi mzima hujajibu. Nimepiga simu, umesema uko kwenye kipindi. Nimepiga Jumamosi, bado uko kwenye kipindi. Sawa, mwalimu.

Nakupa habari ili uridhike. Bujiku ameondoka. Pamba ilishakwenda kituoni, akafunga begi lake, akasema hawezi kuwa sababu ya mama na mwana kutosemeshana. Nimemsindikiza mpaka barabarani, bodaboda zinapiga honi, watu wanatuangalia. Hajanilaumu. Bora angenilaumu.

Nyumba iko kimya sasa kama ulivyotaka. Na paka bado anakojoa nje ya beseni! Leo ni kwenye mkeka. Nilijua anamchukia Bujiku kama wewe unavyomchukia, nikasema akiondoka angalau nitapumzika na mkojo. Wapi! Mtu ameondoka na mkojo umebaki. Nimekaa chini pale nyuma, mbele ya beseni, nikamuuliza kwa sauti, "Wewe unataka nini?" Jirani amechungulia akaniuliza naongea na nani.

Chumba chako bado nimekifunga. Sitaki kukiona kitupu.

Goti limevimba.

Mama yako

*

Kongwa
15 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo mama. Shikamoo tena, kwa zile simu ambazo sikupokea vizuri. Sikuwa kwenye kipindi. Nilikuwa nimekaa kitandani.

Nilikasirika na sitadanganya, bado nina donge. Si kwa sababu ya Mzee Bujiku. Ni kwamba chumba changu kiligeuzwa ghala, mlango ukafungwa, na habari nimeipata kwa paka. Ungeniambia ningelia siku mbili tatu, basi. Lakini hilo la sufuria ya mtu mmoja nimelisoma mara mbili. Huku nami nasonga ya mtu mmoja, na hamu huwa inaondoka hivyohivyo.

Sasa tumalize la Diwani. Fungua chumba, mama. Fungua na madirisha. Beseni lirudi chini ya dirisha, palepale, na usilisogeze tena hata kidogo. Mikeka na zulia vioshe kwa siki na maji ili harufu ya zamani isimwite. Na huo mchanga wa ujenzi unaookota kwa jirani uache, una saruji. Anataka mchanga wa mto, laini, uliochekechwa, wenye kina cha vidole vinne.

Mchanga wa mto ni mzito na wewe goti limevimba. Usithubutu kubeba. Mwambie yule mwenye baiskeli akuletee.

Mwanao, Minza

*

Somanda
6 Oktoba 2024

Mwanangu mpenzi,

Mwangaluka mayu, mwangaluka tena. Goti linaendelea vizuri, napakwa dawa asubuhi na jioni.

Mchanga umefika, magunia mawili kwenye kerieri. Nilimwambia ndoo moja inatosha, amesema asingependa uishe halafu lawama ziwe zake. Ameuchekecha kwa chekecheke langu la unga, bila kuniuliza! Tumegombana. Nimenunua lingine.

Chumba nimekifagia na kitanda nimekitandika. Diwani aliingia akanusa kona zote, akazunguka beseni, akaingia, akafukua. Tulikuwa tumejibanza mlangoni hatupumui. Alipofunika, Bujiku alipiga kelele kama timu yake imefunga goli, na paka akakimbilia uvunguni. Lakini tangu siku ile hajakosea. Sasa ameanza kukwaruza makochi, kwa hiyo usifikiri nimepumzika.

Bujiku anauliza ukija Disemba akuite mwalimu au akuite mwanangu. Nimemwambia asinitume, akuulize mwenyewe.

Jana jioni alikuwa amekaa kitini anasikiliza redio, Diwani akaja taratibu akapanda akalala juu ya miguu yake. Nilimwambia, ole wako ukisogea. Nikamweleza miguu ya nani ililaliwa mwanzo, na mwaka gani. Alizima redio, akakaa hivyohivyo mpaka miguu ikafa ganzi.

Mama yako