Karibu Alhamisi, Saa Tano

Jumanne, 2 Juni

Basi limechelewa tena. Nimefika skuli mbio, watoto kumi na mmoja wameshajipanga mlangoni. Darasa la Wageni, ndivyo tunavyoliita. Watoto waliofika London juzijuzi, Kiingereza hawana, wanakaa na sisi mpaka wakipate ndio waende madarasa yao. Mimi msaidizi wa darasa, mwaka wa tisa huu. Leo tumefanya majina ya matunda. Idris kang'ata nanasi la plastiki. Kalitema.

Mchana hedi wetu, mwalimu mkuu Miss Helen, kaniita ofisini. Fungu la serikali linalolipa darasa letu linakwisha Julai. Serikali haijasema kama italirudisha. Lisiporudi, darasa linafungwa na mimi naondoka nalo. Si kwetu tu, skuli nane za Tottenham na Edmonton. Nimerudi kwenye matunda. Nina hasira mpaka sasa.

Alhamisi, 4 Juni

Skuli zote nane zinakwenda wizarani Jumanne kuwaona wakubwa wenyewe. Mahedi, wenyeviti wa bodi, na mtu mmoja anayekaa na watoto. Mtu huyo ni mimi. Dakika tatu za kusema. Nimesema sawa kabla sijafikiri.

Takwimu atazisema Bwana Naresh, mwenyekiti wa bodi yetu. Muhindi wa Mwanza, mstaafu, anakuja kutoka mbali, Stanmore, kila wiki kwa skuli ambayo hana hata mjukuu ndani yake. Kiswahili chake kitamu, na mdomo anao. Kanambia, "Bi Zuhura, dakika tatu kwako ni salamu tu." Nimecheka. Lakini kweli.

Jumapili, 7 Juni

Mazoezi sebuleni. Mwanangu Salma kanipimia kwa simu. Dakika saba. Tena, sita. Kanambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, niondoe maneno yote nibakize mtoto mmoja. Ana akili huyu. Sikumwambia.

Jumanne, 9 Juni

Wizarani. Meza ndefu, maji ya chupa, biskuti zisizoguswa. Mbele yetu mama mmoja wa nywele nyeupe, Bi Margaret, ndiye mkuu wa idara inayogawa fungu letu. Mahedi wamesema vizuri. Bwana Naresh kasema vizuri zaidi. Mama anaandika tu, uso hausomeki.

Zamu yangu. Nikamweleza habari za Leyla, aliyekaa miezi minne bila kutamka neno, hata ndiyo. Kila asubuhi tunamsalimia, kila asubuhi kimya. Hatukumlazimisha. Siku moja kwenye chakula kasimama, kamwambia mpishi kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba kastadi aliyompa ni ndogo kuliko ya Idris. Pale wizarani chumba kizima kikacheka. Bi Margaret kaweka kalamu chini. Kasema angependa sana kuja kuliona darasa hilo, siku moja.

Dakika mbili na nusu. Nimetembea mpaka stesheni najichekea.

Jumatano, 10 Juni

Mtu akisema anataka kuja kwako, unampa siku. Saa ya mapumziko nimemwandikia imeili. Karibu Alhamisi tarehe 18, saa tano asubuhi, na usile nyumbani. Nimetuma. Kisha nimewatangazia watoto.

Ijumaa, 12 Juni

Balaa.

Leyla kamwambia Miss Helen kwamba mgeni anakuja. Miss Helen kaniuliza mgeni gani. Nimemweleza. Kakaa kitini taratibu. Kasema yale yalikuwa maneno ya adabu tu, watu hapa husema hivyo na hakuna anayekuja. Wala msaidizi wa darasa hamwandikii mkubwa wa wizara, tena akamwekea sharti la kutokula. Mambo haya hupitia kaunsili, serikali ya mtaa. Anaogopa skuli nyingine zitasema tumejipendekeza, na wizara itaona tunawaganda.

Salma kasema vilevile. Bwana Naresh kacheka kwenye simu mpaka kakohoa. Eti naye mwaka wake wa kwanza hapa alimngoja Jumapili nzima jirani aliyesema atapita, mkewe kapika sufuria tatu, jirani hakutokea. Mimi sikucheka. Naona haya. Kama nimewaharibia watoto hawa darasa lao, sitajisamehe.

Jumatatu, 15 Juni

Hakuna jibu.

Watoto wameuliza mara nne. Idris kamchora mgeni. Kampa masharubu.

Jumanne, 16 Juni

Hakuna jibu. Nimenunua unga wa mchele hata hivyo. Asipokuja watakula watoto.

Jumatano, 17 Juni

Saa nane mchana, jibu la mistari miwili. Anashukuru kwa mwaliko. Atafika saa tano, na atakuwa hajala.

Nimeisoma mara tatu. Nimempelekea Miss Helen, simu mkononi. Kanikumbatia, kisha kakimbia kutafuta mtu wa kufuta madirisha. Bwana Naresh kasema anakuja na suti.

Alhamisi, 18 Juni

Alfajiri niko jikoni. Mikate ya kumimina miwili, sambusa, katlesi. Salma kakunja sambusa bila kuombwa. Zake zimepinda. Nimezipanga juu.

Bi Margaret kaja peke yake, kwa basi, saa tano kasorobo.

Darasani kwetu mgeni hali mpaka afundishwe neno na mtoto, alitamke sawasawa. Sheria ya watoto, si yangu. Kapewa kiti kidogo, magoti karibu yaguse kidevu. Leyla kamfundisha neno la Kikurdi, lugha ya kwao. Kakosea. Leyla katikisa kichwa, rudia. Kakosea. Rudia. Mara ya sita mama wa watu kawa mwekundu, na watoto wote wanamngoja. Hakuna anayemcheka. Wanajua ilivyo. Kawatazama mmoja mmoja. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, kuliko kwa takwimu zetu zote. Mara ya saba kapata. Darasa likaripuka.

Alikuja kwa nia ya nusu saa. Kaondoka saa saba. Mlangoni kanambia kila wiki watu humwambia aje, naye husema atakuja, na miaka yote hiyo hakuna aliyemtajia siku. Kabeba vipande viwili vya mkate ndani ya karatasi. Bwana Naresh, na suti yake, kala sambusa saba.

Nimelia chooni kidogo. Furaha tu.

Ijumaa, 10 Julai

Barua imefika. Fungu linaendelea, miaka miwili, skuli zote nane. Miss Helen katusomea chumba cha walimu. Wenzangu wamepiga makofi.

Tulikuwa tumekatazwa kupokea mtoto mpya. Leo mchana tumepokea. Esta, miaka saba, wa Goma, wiki ya tatu London. Mama yake anafanya usafi Edmonton. Nimemsalimia kwa Kiswahili. Kanitazama, hakuitika. Tangu hapo kakaa ubavuni pangu, anapaka rangi, haongei. Sikumsukuma.

Wakati wa kwenda nyumbani kanivuta mkono.

"Mwalimu, na kesho nitakuya?"

Sikumsahihisha, ndicho Kiswahili cha kwao. Kesho Jumamosi, skuli hakuna. Nimemwambia aje Jumatatu, nitakuwepo.