Mstari wa Vernelle Pettway

Jumamosi hii mwaka unatimia, Mama, tangu ulipoanguka mlangoni mwa darasa lisilokuwa lako, katika shule iliyokuwa haikujui, upande wa mji ambao kuufikia ulikuwa unabadilisha basi mara mbili. Ulikuwa umesimama unawauliza watoto majina yao, jina zima na la katikati, kama ulivyofanya kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja. Wanasema ulikuwa umefika mtoto wa kumi na moja. Karani wa shule alipompigia Baba simu hakusema Bi. Pettway ameanguka. Alisema, "Yule mwalimu wa kushikia nafasi amepatwa na kitu." Baba akauliza mwalimu gani. Karani akamwambia asubiri kidogo, aangalie kwenye karatasi.

Tulikuwa tumekubaliana tuandike tangazo tamu la kumbukumbu. Dada yako Ola Mae alitaka tuseme juu ya kofia zako za kanisani na pai zako, tumalizie na Zaburi, basi. Tutayasema hayo pia. Lakini kalamu nimepewa mimi, na unanijua.

Pai zako za viazi vitamu zilikuwa na kungumanga nyingi mno na hakuna aliyethubutu kukwambia. Ulioka sita kwa kila mkutano wa walimu pale Shule ya Mtaa wa Garnet, na mtu akichukua kipande cha pili kabla wenzake hawajapata cha kwanza, ulimtazama tu, akakirudisha mwenyewe. Kucha zako zilikuwa nyekundu siku zote, na vumbi la chaki juu yake. Mtoto akikwambia anaitwa Tey, ulimjibu kwamba Tey ni mlio wa kengele, mama yake alimpa jina gani? Akilitaja lote, ndipo ulipompisha aingie. Wanafunzi wako wa zamani, sasa wenye mvi, wamenisimamisha dukani kunisimulia hilo.

Na ulikipenda chama, Mungu wangu. Chama cha walimu kilikuwa kwako kama kanisa la pili. Babu alitoka Alabama kuja viwandani huku kaskazini, Baba akafanya kazi miaka thelathini na minne kwenye kiwanda cha magari, na nyumbani kwetu mtu aliweza kukosa ibada Jumapili mbili akasamehewa. Kuvuka mstari wa watu waliogoma, hapo hakukuwa na msamaha. Nilipokuwa na miaka kumi na sita tulienda kuninunulia viatu vya mahafali, tukawakuta wauzaji wa duka lile wamegoma, wanazunguka mlangoni na mabango. Ulinishika mkono ukanirudisha nyumbani. Mahafali nilikwenda na viatu vilivyotoboka, na wewe ulipiga makofi kuliko wote.

Kwa hiyo chama kilipoitisha mgomo ule wa siku kumi na tisa, kwenye theluji, wewe ndiye uliyekuwa mwakilishi wake pale shuleni, na wewe ndiye uliyeubeba. Baba alikukatia ubao, ukaandika kwa rangi nyekundu: WALIMU WETU, WATOTO WETU. Asubuhi ulizunguka na bango hilo mbele ya lango, mchana ukawafundisha watoto katika chumba cha chini cha kanisa ili wasipoteze masomo na wasikose chakula. Wazazi wa upande wetu wa mashariki walileta supu, walileta kuni, walileta soksi. Bila upande wa mashariki mgomo ule usingemaliza wiki. Nasema hivyo kwa sababu viongozi wa chama wamelisahau hilo, na mimi sijalisahau.

Mgomo ukaisha, mkataba mpya ukaja. Ulikuwa na mambo mazuri, hatutadanganya: madarasa madogo, muuguzi kila shule. Lakini ukurasa wa arobaini na mbili ulikuwa na kifungu kifupi. Zamani miaka ya kazi ya mwalimu, inayoamua nani apate nafasi kwanza, ilihesabiwa katika mji mzima. Sasa ingehesabiwa katika jengo lake. Jengo likifungwa, miaka inabaki ndani ya jengo.

Ulikiona. Siku zote ulisoma kila ukurasa. Ulimwendea katibu wa chama, Bwana Halloran, ukiwa na kidole juu ya kifungu chenyewe, na jibu lake ulitupa jioni hiyo mezani, huku ukicheka kidogo kwa kujipa moyo: "Vernelle, hayo ni maneno ya mawakili. Nani atafunga shule?" Ukamwamini. Alikuwa ndugu wa chama, ungeachaje? Ukarudi Mtaa wa Garnet, ukawasimamisha wenzako ishirini na saba kwenye chumba cha walimu, ukawaambia umesoma mkataba wote, na wapige kura ya ndiyo. Wakapiga, wote.

Masika yaliyofuata halmashauri ya shule ilifunga shule kumi na moja. Tisa zilikuwa upande wetu, Mtaa wa Garnet ikiwamo.

Hapo ndipo kifungu kile kilipoamka. Wewe uliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya miaka ya kazi, iliyobandikwa kando ya mlango wa chumba cha walimu, ulifika ofisini kuomba nafasi ukaambiwa una miaka sifuri. Mbele yako kulikuwa na msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwenye mwaka mmoja na nusu wa kazi katika jengo lililobaki wazi. Wala simlaumu yule binti, pengine hakujua. Kati ya wenzako ishirini na saba, ishirini na wawili walikuwa Weusi, wengi wao wanawake waliokuwa wamefundisha mama na mtoto katika dawati lilelile. Watatu tu walipata darasa tena. Chama kilimtumia kila mmoja barua ya pole. Wewe kilikutumia na beji, kwa kukutambua kwa miaka thelathini ya uaminifu. Asante ya punda ni mateke, Mama, ila hawa walifunga teke lao kwenye bahasha.

Kulikuwa na mkutano wa hadhara kabla milango haijafungwa. Ulipewa kipaza sauti. Nilikaa safu ya tatu nikisubiri uwaambie watu habari ya ukurasa wa arobaini na mbili, na waandishi wa magazeti walikuwepo. Ulizungumza juu ya watoto, ukazungumza kuhusu paa linalovuja, ukashukuru, ukakaa. Kwenye gari nilikuuliza kwa nini.

"Mambo ya chama yanasemwa ndani ya chama, Renita. Hatuwapi wakubwa fimbo ya kutuchapia."

Nikakwambia fimbo wameshapewa, na aliyewapa ni Halloran. Ukafungua redio. Leo nakwambia kwa kuchelewa, na kwa heshima zote: ulikosea, Mama. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe uliendelea kuipiga pasi nguo yenyewe.

Tunajua ni nini kilichokula moyo wako. Halmashauri ilikuudhi tu. Kilichokula moyo ni siku ile kanisani, baada ya ibada, rafiki yako Dorothea Brinkley, aliyefundisha chumba cha jirani na chako miaka ishirini na mbili, alipokwambia mbele yetu sote, bila kupandisha sauti, "Wewe ndiye uliyetuambia tupige ndiyo." Uliinua mkoba wako ukatoka, na kuanzia Jumapili iliyofuata ukawa unakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, wewe uliyekuwa na nafasi yako mbele tangu kabla sijazaliwa.

Kisha ikaja miezi kumi na minne ya simu. Kila asubuhi saa kumi na moja na nusu ulikuwa umeshavaa, koti na kofia, mkoba magotini, umekaa kwenye kiti cha jikoni ukisubiri upigiwe uambiwe leo ukashikie darasa la nani. Siku nyingine hakuna aliyepiga. Ulikaa na koti mpaka saa mbili ndipo ukalivua. Baba alikuwa anajifanya anakaanga mayai asikutazame. Mimi nikipita kabla ya kwenda kazini nilikuona, na hasira niliyokuwa nayo sikujua niipeleke wapi. Sasa najua.

Mjukuu wako Jalisa yuko darasa la nne. Amekuwa na walimu watano tangu aanze shule, na hajapata hata mmoja anayefanana naye. Watu wazima Weusi anaowaona pale ni mlinzi wa mlangoni na mama wa jikoni, na wote wawili anawapenda. Mwezi uliopita aliona picha yako umeshika chaki, akaniuliza kama ulikuwa unaigiza. Nilikwenda chooni nikafunga mlango.

Sasa sikiliza jambo lililotuleta kuandika hivi.

Wiki sita zilizopita ilikuja barua ya chama. Halloran siku hizi ni mwenyekiti. Wameanzisha tuzo, nao wanataka kuiita Tuzo ya Vernelle Pettway, itolewe kila mwaka kwa mwalimu kijana Mweusi, kwa sababu, wanasema, walimu Weusi wamepungua mno katika shule za mji huu na jambo hilo linawasikitisha. Wamepungua! Kama mvua. Wanaomba picha yako waitundike ukumbini, na Baba akae meza kuu kwenye karamu yao ya mwaka. Wameipanga Jumamosi hii, siku yako.

Niliichana barua katikati. Kaka yangu Lucius akaiunga kwa gundi ya karatasi, akasema tufikirie, pengine kijana mmoja atasaidika. Ola Mae alisema ungependa picha yako iwe mahali pazuri. Na Baba, ambaye hajawahi katika maisha yake kusema neno baya juu ya chama chochote, alisema chama ni chama, akaenda kutafuta picha. Alichagua ile ya blauzi ya samawati. Nikamwachia, maana wewe ni mke wake kabla ya kuwa mama yangu.

Dorothea Brinkley alikuja Alhamisi ya wiki hiyo bila kualikwa. Hakukaa. Alikuwa na karatasi imekunjwa mara nne, majina ya wenzako ishirini na saba kwa mwandiko wake, na kando ya majina manne alikuwa ameweka msalaba mdogo kwa waliokufa. Jina lako alikuwa ameliandika juu ya yote, la ishirini na nane, na msalaba wa tano. Alimwambia Baba, "Hosea, nilimtwisha Vernelle mzigo wa watu wengine, na sikuwahi kumtua. Kama wanalitaka jina lake, wayaweke yote." Akalia pale mlangoni, na Baba akamshika bega. Ingekuwa wewe ungempa pai. Mimi nilimpa kahawa, akainywa.

Basi Baba aliwajibu kwa barua. Picha watapata, alisema, kwa masharti mawili: majina yote ishirini na nane yaandikwe chini yake, na ukurasa wa arobaini na mbili uwekwe kwenye fremu kando yake. Halloran alipiga simu siku ya pili. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia yote. Alisema karamu si mahali pake. Kisha akasema, "Hosea, wewe ni mtu wa chama tangu ujana. Unajua mambo haya yanasemwa ndani."

Baba aliihamishia simu sikio la pili.

"Nimeyasema ndani," alisema. "Wewe ndiye ndani. Umekataa."

Akaiweka simu chini taratibu, akaenda kwenye kabati la makoti, akasogeza makoti yako ambayo bado hatujaweza kumpa mtu, akatoa bango. Rangi nyekundu imepasuka kidogo kwenye herufi ya kwanza. Amepigilia mpini mpya.

Najua, Mama. Utatukasirikia. Umetufundisha tusiwape wakubwa fimbo, na sisi tunakwenda kusimama barabarani mchana kweupe kuwasema ndugu zako wa chama. Kasirika. Tungetoa chochote tukuone umekasirika.

Wanaokukumbuka ni mume wako Hosea, wanao Renita na Lucius, dada yako Ola Mae, mjukuu wako Jalisa ambaye jina lake zima ni Jalisa Vernelle, Dorothea Brinkley na wenzako kumi na tisa wa Mtaa wa Garnet walioahidi kuja. Hatutakusahau, wala hatutakubali uwe pambo ukutani kwa watu waliokutoa mlangoni.

Karamu ni saa kumi na mbili jioni, katika hoteli iliyo mbele ya mahakama ya zamani. Sisi tutafika saa kumi na moja. Tutazunguka mbele ya lango kama ulivyotufundisha, hatua za polepole, hakuna matusi, Baba mbele na bango lako. Wageni wote wa karamu ile ni watu wa chama, na kila mmoja wao ameapa kwamba havuki mstari. Atakayerudi nyumbani tutampa mkono. Atakayeuvuka atanikuta mimi mlangoni na daftari, nitamuuliza jina lake, jina zima na la katikati, na nitaliandika.