Nondo Aliyetua Nyumbani Kwetu Rugera

Dada yangu Mwanaisha, shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima huko Pangani, na miguu ya mama imepungua kuvimba. Mimi napumua, lakini habari za huku Karagwe si njema. Kaa kitako kwanza.

Mwanangu Rukia, ambaye hukujaliwa kumwona, amefariki kwa homa. Asubuhi ya maziko mke wangu Nyamwiza aliona nondo mkubwa, yule kipepeo wa usiku, kwenye nguzo ya nyumba, mgongoni ana alama kama fuvu la mtu. Shemeji yangu alipomgusa, nondo akalia kama panya. Watu wakasema ametumwa kwa uchawi, na aliyemtuma ni Nyangoma, jirani yetu, bibi mjane mfuga nyuki, maana nondo hao huonekana kwenye mizinga yake.

Dada, mimi nilijua. Mwaka jana Nyangoma mwenyewe alinionyesha mmoja ndani ya mzinga, akasema, "Huyu mwizi wa asali tu, mwanangu." Na viwavi wao nawaokota katika tumbaku yangu kila masika, wanene, wa manjano, wenye pembe mkiani. Wakishiba hujizika udongoni, humo wakageuka, wakatoka na mabawa. Labda yule alitoka shambani kwangu.

Wazee walipokutana wakaniuliza, "Wewe mtu wa pwani, mwenye msiba, unasemaje?"

Nyangoma alikuwa ameketi chini, ananitazama. Nikasema, "Sijui." Nilikuwa na uchungu, nilitaka awepo wa kulaumiwa.

Wakachoma mizinga yake, wakamfukuza. Akashika njia ya Kibingo kwa ndugu zake, mvua inanyesha. Siku ya tatu wapagazi walimkuta njiani amekufa.

Nikaenda kwa wazee kusema kweli. Mmoja akanijibu, "Sasa unasema ya nini?" Nikarudi nikamwambia Nyamwiza.

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ndiyo."

Akafunga vitu vyake, akaenda kwa baba yake, kijiji cha Chonyonyo. Sikumzuia.

Nisalimie mumeo mshona kofia, na shangazi mkunga. Mama msomee habari za Rukia, haya mengine usimsomee. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani mwambie amsomee mtoto hitima. Nyangoma hakuwa wa dini yetu. Muulize kama inafaa kumwombea, na kama mimi ndiye wa kumwombea.

Mdogo wako,
Salum