Zohari Yako Bado Iko Pale, Fundi Habumugisha

Mwaka umetimia, Habumugisha Rajabu, tangu uliposhusha mkasi mezani ukamwambia mkeo Raihana kwamba unajinyoosha kidogo kabla ya alasiri. Hukuamka. Wewe uliyezoea kutuita sote tuje kuona kitu angani, siku hiyo tulikuita sisi, ukanyamaza.

Ulikuwa fundi cherehani wa Gitega, na mikono yako haikujua kukaa bure. Darubini uliitengeneza mwenyewe kwa bomba la maji na kioo ulichokisugua miezi saba, Raihana akilalamikia vumbi kwenye nguo za wateja. Kila Jumamosi uliipeleka kwenye uwanja wa ukumbi wa mtaa. Mchana uliangusha picha ya jua kwenye shuka jeupe, watu wakahesabu madoa ya jua, na ole wake aliyethubutu kuchungulia kwenye bomba! Baada ya magharibi ilikuwa zamu ya sayari. Hukumuuliza mtu dini yake wala darasa alilofika.

Kosa lako lilikuwa moja, nasi tulilipenda. Zohali, ile sayari yenye pete, wewe uliiita Zohari, ukaiandika hivyo hivyo kwenye kartoni ya tangazo. Wengine walikuja wakidhani wataonyeshwa Zuhura, ile nyota ya jioni. Binti yako Uwase alikusahihisha mpaka akachoka. “Iite unavyotaka, mwanangu,” ulimjibu, “yenyewe iko pale pale.”

Arobaini yako ilipokwisha, Eustache mwenye ufunguo wa ukumbi alikuja dukani.

“Mama Uwase, pole sana. Ariko, lakini hii mambo ya nyota iko ya wasomi. Mzee hata jina ya sayari alikuwa anakosea. Tufunge tu, hiyo chombo iende stoo.”

Raihana alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Hakuinua macho.

“Oya,” alikataa. “Hatufungi.”

Tukusimulie kilichofuata, maana ungecheka. Jumamosi hiyo Raihana, ambaye hajawahi kusema neno mbele ya watu, hata harusini, aliibeba darubini begani mtaa mzima ukimtazama. Wapo walionong'ona kwamba mjane atulie nyumbani. Geti la ukumbi lilikuwa na kufuli, basi akaisimamisha nje ya geti. Jina sahihi analijua, lakini kwenye kartoni aliandika ZOHARI, kwa herufi kubwa. Watu kumi na wanne walipanga foleni, na wa mwisho alikuwa Eustache. Miaka sita alikufungulia geti, kumbe hakuwahi kuweka jicho pale!

Aliinama, akaangalia. “Pete gani hii? Hii ni uzi tu!”

Na kweli, msimu ule pete zilikuwa zimetugeukia ubavu, nyembamba kuliko tulivyowahi kuziona. Watu walianza kucheka. Raihana aliona Jumamosi zako zote zinakwisha hapo hapo, mikononi mwake. Ndipo alipokumbuka ulichomwambia wiki yako ya mwisho.

“Ni uzi, ndiyo,” alisema kwa sauti. “Sisi mafundi tunaujua uzi. Habumugisha alisema mwakani zitafunguka. Wewe funga geti lako, sisi tutazingojea hapa hapa.”

Kufuli bado lipo, na sisi tupo. Hatujakosa Jumamosi ila zile za mvua. Wanaosema kazi yako ilizikwa nawe wamekosea, na tunawaambia hivyo mchana kweupe. Usidhani hatukulilii. Raihana bado huita jina lako anapoitafuta ile lenzi ndogo ya darubini, kisha hujifuta macho kwa kanga na kuendelea kuitafuta.

Wanaokukumbuka ni mkeo Raihana, binti yako Uwase na mumewe Kubwimana, wajukuu zako Shimwa na Ingrid, dada yako Mukarugwiza wa Kibagabaga, mafundi wenzako, na watu wote wa foleni. Jumamosi hii, baada ya magharibi, tutakuwa nje ya geti kama kawaida.

Na habari uliyoisubiri ni hii. Juzi Eustache alikuja bila kuitwa. Aliinama kwenye darubini, akaangalia.

“Mama Uwase,” alisema, “Zohari imefunguka.”

Alisema Zohari, kwa r yako. Hatutakusahau, Fundi, wala hatufungi.