Kikombe cha Mama Anjela

Jumapili, Newala

Basi nimekunywa mvinyo wa mabibo, matunda ya mkorosho, wa Mama Anjela, mshindani wangu. Tangu kila mtu aruhusiwe kuuza mvinyo huu tunagombania wateja walewale, hata salamu kwa shida.

Jumamosi ijayo wageni wanatoka Ndanda kuja kuona tunavyotengeneza. Wataanzia kwake, kisha waje kwangu. Hapa kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni asihofu sumu. Mama Anjela anataka kila mmoja aonje ya mwenzake mbele yao.

"Sisi tukiogopana, Mama Juma, mgeni atakunywaje?"

Leo tukajaribu. Nikapokea kikombe chake, nikameza.

Bora tumbo lingeniuma. Mvinyo wake ni mtamu kuliko wangu, na wageni watafika kwangu ladha yake ikiwa bado mdomoni.