Bega la Kulia

Tarehe 9 Juni
Mwaka wa nne sasa tangu niondoke nyumbani

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini mko wazima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba goti la mama limeacha kumsumbua. Mimi mzima, ila uchovu tu, nao umekuwa kama ndugu, tunalala kitanda kimoja.

Uliniuliza kama bado nabeba matofali. Hapana, niliacha zamani. Siku hizi nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mvuke hujaa humo mpaka watu wanaonekana nusunusu, na shuka zikitoka kwenye mashine zina joto kama mkate. Mara nyingine nadhani naota nikiwa nimesimama.

Shuka hukunjwa na watu wawili. Mnashika pembe, mnarudi nyuma, mnaikung'uta, kisha mnakutana katikati mikono igusane. Mwenzangu ni mama mmoja tunayemwita Bibi Pasi, maana hakuna mkunjo unaomshinda, uwe wa nguo au wa mtu. Siku ya kwanza alilitazama bega langu la kulia, lililopanda mpaka karibu na sikio, akauliza linaninong'oneza nini. Watu walicheka, nami nikacheka, lakini bega halikushuka. Halikuwa limeshuka tangu ule ukuta uanguke kule kwenye ujenzi.

Shuka ya kwanza ilipopepea juu yangu, nilijikuta chini ya meza nimefunika kichwa. Hapo hakucheka mtu. Mnyoosha viungo wa hospitali alinipima, akasema mifupa ilishaunga, ila mwili haujapata habari. Bado unangoja ukuta. Akanifundisha kupumua taratibu, na akamwomba Bibi Pasi asinisogelee bila kutanguliza neno. Basi kila shuka, kabla ya kupiga hatua, yule mama alisema nakuja. Kutwa nzima, nakuja, nakuja, sauti ikitoka kwenye mvuke kabla ya mtu mwenyewe.

Mwezi uliopita tulikuwa tunakunja, mawazo yangu yako huko kwenu, naona kamba yako ya nguo na upepo. Mikono ikagusana, nikagundua hakusema kitu. Nikamuuliza. Akanijibu kwamba ameacha tangu juzi, akaniuliza mimi ni mgonjwa gani nisiyejua nimepata nafuu. Nikatetemeka kama mtu aliyetoka kwenye maji baridi, nikalia, nikasinzia palepale juu ya lundo la shuka. Nilipoamka bega lilikuwa mahali pake. Siku nyingine hupanda, kisha hushuka tena.

Sasa nikuambie ukweli. Niliwaandikia kwamba ukuta ulimwangukia mwenzangu. Ulinifukia mimi, dada, tangu asubuhi hadi jua kuzama. Na kila nilipowaandikia kwamba nimenyimwa likizo, ulikuwa uongo. Niliogopa mama akinikumbatia nitamsukuma aanguke, wala asijue amenikosea nini.

Mweleze polepole. Na wewe, lile kofi lako la mgongoni la kunikaribisha, usilizuie kwa huruma. Nikiruka, ngoja kidogo, halafu nipige jingine.

Wasalimie watoto, waambie mjomba wao ni fundi wa kukunja shuka, kwa hiyo wajiandae kushika pembe. Likizo yangu inaanza wiki ya kwanza ya Agosti.

Nakuja.

Mdogo wako,
Kitindamimba