Mabakuli ya Bi Salama

Jumatatu, 6 Oktoba
Kidonge baada ya chai, kama jana. Kinywa kikavu. Moyo palepale. Daktari alisema dawa ya sonona huchukua majuma kabla kazi yake haijaonekana. Haraka haraka haina baraka, akasema. Nilitamani kumrushia kiatu, lakini nguvu ya kukivua ningeitoa wapi?

Kuna harusi mtaa wa Barani, wananitaka nikampake bibi harusi hina. Nimekataa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Jirani yangu Bi Salama haniletei tena chakula. Zamani hapiki kitu asinitilie: mbaazi za nazi, mchuzi wa kamba, tambi. Mabakuli yake yamejaa kabatini mwangu. Kwetu bakuli la jirani halirudishwi tupu, na tangu niugue sina ninachopika. Basi yamekaa. Sasa amenichoka. Anawaambia watu mimi mlafi na mvivu. Najua.

Jumatano, 22 Oktoba
Kliniki. Nimemweleza daktari habari ya Bi Salama. Umemsikia akisema? Hapana. Kuna aliyemsikia? Hakuna. Umejuaje basi?

Anasema ugonjwa huu humfanya mtu adhani anasoma mioyo ya wenzake, na kila akisoma anakuta ubaya tu. Nimecheka. Kumbe mimi mganga siku zote hizi!

Njiani nikajichunguza. Mwenye duka hakunitazama: ananidharau. Watoto wamecheka: wananicheka mimi. Ajabu. Kinu hiki cha kichwani kinasaga chenyewe, hata nafaka hakingoji. Nataka kujua kinapata wapi unga.

Jumamosi, 1 Novemba
Nimelala mpaka alfajiri. Nimekula kwa hamu. Zuhura, dada yangu, kapiga simu: umeshapona, vidonge vya nini tena, wataka kuwa teja? Nawajua mateja wa mtaani kwetu. Nimeogopa. Vidonge nimevitupia juu ya kabati.

Jumatatu, 10 Novemba
Kizunguzungu. Jasho. Hasira. Nimelia kwa sababu ya kitunguu kilichooza. Mawazo yote yamerudi, tena na jamaa zao.

Nimempigia daktari. Hakunigombeza. Huu si uteja, kasema. Dawa hii ukiiacha ghafla mwili hushtuka. Na kujisikia vizuri ndiyo kazi yake, si dalili kwamba imemaliza. Siku ya kuiacha itafika, tutapunguza kidogo kidogo, mimi naye. Nianze tena leo.

Nimeanza. Zuhura kanuna. Na anune.

Alhamisi, 27 Novemba
Leo nimefanya jaribio. Nilitaka kuona tu kama kweli Bi Salama amenichoka. Nimeyaosha mabakuli, nikayabeba vilevile, matupu. Aibu imenishika mpaka masikioni. Mama yangu angekuwa hai angenirudisha mlangoni.

Shikamoo, Bi Salama. Marahaba, mwanangu, karibu. Nikamwambia sina nilichotia. Akayatazama, akapiga makofi.

"Haya ndiyo mabakuli yangu! Mwanangu, mimi sasa nalia chakula sufuriani. Ningekutilia wapi?"

Nikamuuliza mbona hakuja kuyachukua.

"Niliona haya. Nikasema, mtu mgonjwa, atadhani namsimanga."

Kwa hiyo naye alikuwa akinisoma mimi. Ukuta mmoja, waganga wawili. Na sote tumekosea. Tumecheka mpaka ushungi wake ukadondoka. Nikalia pia, kidogo. Nilikuwa nimemkosa sana mwanamke huyu.

Jumapili, 30 Novemba
Mvua ndogo asubuhi. Nimepika wali, wa kwanza tangu niugue. Umeungua chini. Wazo likaja mbio: hata wali huwezi, huna unaloweza. Nikaufunua mkungu wa kufunikia sufuria, nikatazama. Wali umeungua, hilo kweli. Hilo jingine sikuliona mle sufuriani.

Nimekula wa juu. Ukoko nimeuloweka.